Kabla ya kununua fremu ya baiskeli ya titani
Ukipata fremu ya titani iliyotumika, kagua maungio kwanza, bei baadaye. Mshono uliochomelewa vizuri huwa na rangi ya fedha au manjano hafifu. Ukiona kijivu au unga mweupe, hewa iliingia wakati wa kuchomelea, na hapo ndipo hupasuka. (Iliyopigwa msasa au rangi huficha mengi.) Sifa za titani ni za kweli: haishiki kutu, na ni nyepesi kuliko chuma. Ila bei inauma, na ikipasuka si kila fundi ataiweza, maana kuichomelea kunataka gesi ya agoni ndani na nje ya bomba, ili hewa isiingie. Bomba linaloshika kiti na kuingia kwenye fremu likiwa la alumini, lipake grisi na ulichomoe mara kwa mara, la sivyo litagandia humo.