Kizimba cha taka kwenye nyumba ya wapangaji: kuanzia mchoro hadi mlango

Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hukumbuka kizimba cha taka siku ghorofa limekwisha, wapangaji wameshahamia na viroba vimerundikana kando ya geti. Kiwanja kimejaa, kwa hiyo kizimba kinatolewa nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara. Huko ndiko kinakochorwa X nyekundu. Eneo likiwa la TARURA au TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kikibomolewa usitegemee fidia.

Kiingize basi kwenye ramani mapema. Mchoro unaopeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi uonyeshe kizimba chenyewe, njia ya kukifikia na yanakoelekea maji ya kukiosha. Usiige cha jirani wa wilaya nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikabidhi serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, na kila halmashauri ina sheria ndogo zake. Za Kinondoni si lazima zifanane na za Temeke. Muulize afisa afya wa kata: kikae umbali gani kutoka mpaka na kutoka kwenye jengo, paa ni lazima au hapana, gari la taka linapita siku zipi, na mzoaji huingia ndani au huchukulia getini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana mzoaji akilazimika kuburuta pipa zima kwenye mchanga, atachukua la mbele na kuyaacha ya nyuma.

Ndani ya kiwanja, upande wa magharibi mara nyingi ndio bora: kusi na kaskazi zote hutokea upande wa mashariki, hivyo harufu haitaingia madirishani kwako. Itamwendea jirani wa magharibi, kwa hiyo usiegemeze kizimba kwenye ukuta wake. Kisiwe pia upande wa juu wa kisima au tanki la chini la maji.

Ukubwa utokane na hesabu. Chukua nyumba ya familia 8 zenye watu wanne kila moja, na kilo 0.6 za taka kwa mtu kwa siku: ni kama kilo 19 kwa siku. Gari likija mara mbili kwa wiki, usipige hesabu ya siku tatu au nne. Piga ya siku saba, kwa sababu wakati wa masika barabara ya udongo ikiharibika safari moja hurukwa. Hizo ni kilo 134, na kwa taka za jikoni zisizoshindiliwa, kilo 250 kwa mita moja ya ujazo, unapata kama lita 540. Mapipa matatu ya magurudumu ya lita 240 yatatosha, na nafasi kidogo itabaki.

Pipa la namna hiyo lina upana wa kama sentimita 58, kina 74 na kimo 107. Acha sentimita 10 kila upande wa pipa na 80 mbele ya kusimama mtu. Ndani utahitaji mita 2.2 kwa 1.6. Kuta za mita 1.5 zitakula matofali 100 hivi ya inchi 6, bila ya msingi. Paa liwe kwenye kimo cha mita 2.1 ili kifuniko kifunguke bila kugonga, na uwazi unaobaki chini yake uzibwe kwa wavu mgumu wenye tundu lisilozidi milimita 6. Wavu wa kuku hapana: panya mdogo anapita, na kutu ya pwani inaumaliza mapema.

Sakafu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwaga zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene inchi 4, limwagiliwe siku saba. Literemke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea gali trapu, yaani tundu la sakafuni lenye maji yanayozuia harufu kurudi, kisha bomba liende kwenye chemba ya maji taka. Kuliunganisha na mtaro wa mvua ni kupeleka uvundo mtaani. Mlangoni weka kituta kilicholazwa cha sentimita 3, pipa lipite lakini mvua isiingie. Mvua ikiingia, karo linalopokea maji ya chemba hiyo litajaa maji yasiyo yake. Ukuta upigwe niru (saruji laini ya kulainisha), na pale unapokutana na sakafu fundi aviringishe kona kwa chupa. Kona kali hushika masalia ambayo ufagio hauyafikii, na ndimo funza huanzia.

Mlango uwe wa mabawa mawili, uwazi wa mita 1.2, ufunguke kwa nje, na chini usiachie zaidi ya milimita 6. Kitasa kiwe sentimita 90 kutoka chini. Anayetumwa kutupa taka mara nyingi ni mtoto. Asipokifikia, kiroba kitabaki mlangoni. Kufuli ambalo ufunguo wake anao mlinzi peke yake huleta yaleyale.

Kabla ya kupaka rangi, mwaga ndoo tatu za maji sakafuni na usubiri dakika kumi. Likibaki dimbwi, fundi alirekebishe kabla hujamlipa zilizobaki.