Jinsi ya kukibana chama mpaka maji yafike kijijini

Wengi wetu chama tunakijua kipindi cha kampeni tu, kofia, fulana, kanga, spika juu ya pikapu, halafu miaka mitano inayofuata ni kulalamika WhatsApp. Kama kweli mnataka bomba la maji au zahanati, kampeni ikianza mmeshachelewa, kazi inafanyika kabla.

Anza na ilani ya chama cha diwani wenu. Usisubiri uhadithiwe jukwaani, ishushe kwenye simu, tafuta jina la mkoa na wilaya yako. Zile "kuimarisha" na "kuendelea kuboresha" ziruke tu, hazidaiki hizo, we tafuta palipoandikwa mahali au namba. Na usidharau ilani ya chama kilichoshindwa. 2010 Dr Slaa, mgombea urais wa CHADEMA, alizunguka Tanzania nzima na ahadi ya elimu bure, kuna waliosema haitekelezeki kabisa, akashindwa uchaguzi, 2015 CCM ikaja na hiyo hiyo, Januari 2016 ada ya sekondari za serikali mpaka form four ikafutwa, ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni. Michango ilirudi kwa mlango wa nyuma shule nyingi tu, ndio, ila ada ilikwenda.

Halafu mjue nani anahusika na nini, hapa ndo watu wanapoteza nguvu bure. Diwani hana hela ya bomba mfukoni. Maji vijijini ni wakala wa serikali RUWASA tangu 2019, barabara za mitaa na vijijini ni wakala mwingine, TARURA, tangu 2017, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ndo ya halmashauri. Ukienda ofisi ya chama ukasema "tunataka maendeleo" utaitikiwa vizuri sana na hakuna kitakachotokea. Nenda na kitu kimoja, kisima kipi, kitongoji gani, kaya ngapi.

Kalenda sasa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni, kwa hiyo jambo lenu likifika kwa mbunge mwezi wa tano hesabu zimeshafungwa. Lipitisheni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mkazi yeyote wa miaka 18 kwenda juu anaingia, awe na kadi ya chama gani au hana, kisha liende kamati ya maendeleo ya kata, na kwa usalama liwe limefika huko kabla ya Krismasi. Hakikisha limeingia kwenye muhtasari na upige picha ule ukurasa maana madaftari yana tabia ya kupotea.

Chama kinaingia wapi? Kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kupata mgombea. Sheria yetu haina mgombea binafsi, anayetaka udiwani lazima apite mlango wa chama, na sehemu nyingi mechi inaishia hapo hapo, kura yenyewe ni kukamilisha tu. Ndo maana diwani anaogopa wajumbe wa chama wanaopiga kura hizo kuliko sie wapiga kura. Basi ingieni vikao vya ngazi ya chini, shina na tawi kama mko CCM, au msingi kama mko CHADEMA, mkiwa na hoja ile ile moja, na wapelekeni kina mama wa vikoba maana wao hawakosi kikao na wanajuana na kila mjumbe. Ila mjumbe akishakula hela ya mtia nia, yaani anayeomba kugombea, asahau kumdai kitu, atajibiwa tu "si nilishakulipa".

Najua wapo wasiotaka hata kusikia neno chama baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, CHADEMA haikuwepo hata kwenye karatasi ya kura, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Mkutano wa kijiji hauhitaji kadi lakini, anzieni hapo.

Likishaingia kwenye bajeti msilale. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na wananchi mnaruhusiwa kukaa kusikiliza, mwambieni diwani aulize swali lenu kwa maandishi kabla ya kikao, nendeni wawili watatu na nakala ya muhtasari, mmoja wenu aandike tarehe itakayotajwa na jina na cheo cha aliyeitaja.