Somo: Madoa meupe, chawa na konokono ndani ya tangi la samaki, kwa sisi wa Bukavu

Nianze na aibu yangu. Siku moja niliteremka ziwani upande wa Muhumba, nikachuma majani mazuri ya majini, nikayasuuza haraka haraka na kuyatia tangini. Wiki haikuisha, samaki wakaanza kujikuna kwenye mawe, mapezi wameyabana, miili imejaa vidoti kama wamenyunyiziwa chumvi. Ule ugonjwa niliubeba mwenyewe, kwenye mfuko wa plastiki.

Hatua ya 1. Mjue mgeni kabla ya kutafuta dawa. Zima taa za nyumba, subiri nusu saa, kisha mulika tangi kwa tochi. Vidoti vyeupe vidogo kama punje za chumvi ni madoa meupe. Kitu bapa, cha mviringo, kinachong'aa na kutembea juu ya ngozi ni chawa wa samaki. Uzi unaoning'inia ubavuni, chini yake pamevimba, ni mnyoo nanga. Minyoo bapa inayoteleza kwenye kioo usiku haiwagusi samaki wakubwa. Imekuja kwa sababu ya chakula kinachobaki chini.

Hatua ya 2. Pima maji. Urefu mara upana mara kina cha maji, vyote kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi langu ni 80 × 35 × 40, yaani lita 112. Nikitoa mawe na mchanga nahesabu 100. Usikadirie kwa macho, maana dawa nyingi huua samaki kabla ya mdudu.

Hatua ya 3. Madoa meupe. Hapa tukae kidogo, ndipo wengi wanapokwama. Kile kidoti ni kidudu cha chembe moja kilichojificha ndani ya ngozi ya samaki, na pale hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikishiba kinadondoka, kinajifunika chini kwenye mchanga, kinajigawa mara nyingi, kisha watoto wake kwa mamia wanaogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, wanakufa. Chumvi huwapata hapo tu, wakiwa wanaogelea. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko huo wote huchukua kama wiki moja. Maji yakipoa, unarefuka.

Basi: weka gramu 2 za chumvi ya jikoni kwa kila lita. Tangi langu linataka gramu 200. Mwombe mwenye duka akupimie kwa mizani. Gawa mafungu matatu, yeyusha kila fungu pembeni, utie kwa muda wa siku mbili. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 28, na pampu ya hewa isizimwe. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Kila siku mbili nyonya uchafu wa chini kwa mpira. Ukitoa lita 20, rudisha gramu 40 za chumvi, usizidishe, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Siku ya nne au ya tano ngozi itakuwa safi. Usiache! Wako chini wanajigawa. Endelea siku 14. Majani mengine yatanyauka, na kambare wadogo wasio na magamba hawapendi chumvi, hao waanze na nusu ya kipimo.

Hatua ya 4. Chawa na mnyoo nanga. Mfunike samaki kwa kitambaa kilicholowa, mtoe mdudu kwa kibano, ukimvuta mnyoo karibu kabisa na ngozi. Rudia ukaguzi kila wiki, mayai hubaki.

Hatua ya 5. Mlango. Samaki mpya akae wiki 4 kwenye ndoo au tangi la pembeni. Hasa wanaotoka Uvira: wametolewa kwenye maji ya joto ya Tanganyika, wamepandishwa mlima, wamefika kwetu wakitetemeka. Samaki aliyepigwa baridi ndiye anayeshikwa kwanza.

MASWALI

Wa Kadutu: Papa, nimetia kidonge cha kichocho, prazikwanteli, madoa hayaondoki. Kidonge ni feki?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Ile dawa ni ya minyoo bapa, kama ile ya mashavuni. Madoa meupe si mnyoo. Badilisha maji, uanze na chumvi.

Wa Bagira: Konokono wamejaa. Jirani anasema nitie mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba.
Jibu: Mama, usithubutu. Konokono wote watakufa pamoja, wataoza, na samaki watawafuata. Weka kipande cha tango usiku, asubuhi kitoe na waliokipanda. Punguza chakula, wao huzaana kwa mabaki. Kama walitoka ziwani, vaa glavu: konokono wengine hubeba kichocho.

Wa Panzi: Umeme ukikatika usiku kucha, nyuzi 28 nazipata wapi?
Jibu: Zungushia tangi blanketi, acha juu wazi kidogo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zielee ndani, moja moja. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, ili yapate hewa. Usilishe usiku huo. Joto likibaki 22, ongeza wiki mbili za chumvi. Kupanda na kushuka ovyo ni kubaya kuliko ubaridi wenyewe.

Wa Panzi tena: Na maji ya bomba?
Jibu: Yalale kwenye bidoni wazi saa 24, klorini itoke.

Wa Nguba: Mtoto wangu ameleta sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wazima kutoka kwa wavuvi. Nao wakae wiki 4 pembeni?
Jibu: Mama, sambaza akishaguswa na wavu hafiki jioni. Hao wapelekeni kwenye kikaango.