Somo: Enter the Gungeon kwa anayeanza, uzuri wake na pale inapobana

Wakuu, salaam. Gemu nyingi za kufyatua risasi zikikuua zinakurudisha karibu na pale ulipoangukia. Enter the Gungeon haina huruma hiyo. Ukifa unaanza tena ghorofa ya kwanza, vyumba vimepangwa upya na bunduki zote ulizookota zimekwenda. Wengi huinunua wakati wa punguzo, hupigwa na bosi wa kwanza (adui mkuu wa ghorofa) jioni nzima, kisha huifuta. Naandika somo hili kwa sababu nadhani wanaiacha mapema mno. Pia baadhi ya malalamiko yao ni ya haki, nayo nitayataja panapohusika.

Kwa asiyeijua: imetengenezwa na Dodge Roll, timu ndogo ya Marekani iliyoanzishwa na watu waliotoka studio ya Mythic ya kampuni ya EA, na imesambazwa na Devolver Digital. Ilitoka Aprili 2016 kwenye kompyuta na PS4, mwaka uliofuata ikafika Xbox One na Switch. Unaitazama kutoka juu. Unashuka kwenye ngome ya ghorofa tano kuu kutafuta bunduki yenye uwezo wa kuua yaliyopita, kwa maana kila mhusika ana jambo la nyuma analotaka kulifuta. Maadui wengi ni risasi zenye miguu, nazo zinakupiga risasi.

Hatua ya 1: Anza na Marine

Mwanzoni una wahusika wanne. Pilot hupata punguzo dukani na ana vifaa vya kujaribu kufungua makasha bila ufunguo. Hunter ana mbwa ambaye mara nyingine hufukua kitu mkishamaliza chumba. Convict ana hasira zake. Lakini Marine anaanza na ngao moja, anajaza bunduki haraka, na anaweza kuitisha sanduku la risasi mara moja. Mchukue huyo mpaka mikono izoee.

Hatua ya 2: Jifunze kubiringika kabla ya kulenga

Hapa ndipo gemu yote ilipo, nitakaa kidogo. Ukibonyeza kitufe cha kubiringika, nusu ya kwanza ya mruko huo hakuna risasi inayokugusa. Nusu ya pili, unapotua, unaumia kama kawaida. Anayeanza hubiringika kuzikimbia risasi, na akitua zinamkuta palepale. Unachotakiwa ni kubiringika kuzielekea, upite katikati yake utokee upande wa pili, kama mtoto anayeingia kwenye kamba inayozungushwa: anasubiri zamu, kisha anaingia bila kusita.

Halafu usibiringike ovyo. Risasi nyingi za maadui huenda taratibu kiasi kwamba hatua mbili za kutembea zinatosha. Mzoefu hutembea zaidi kuliko anavyobiringika, na mruko wake anautunza kwa pale ukuta wa risasi unapomjia bila mwanya.

Nguvu kuu ya gemu hii iko hapo. Risasi za adui zina rangi kali, unaziona zinakuja, na karibu kila pigo ulilopata ungeweza kulikwepa. Ukifa, unajua kwa nini umekufa. Nimecheza gemu nyingi za aina hii na chache zina haki kiasi hicho. Kasoro inajitokeza ukipata bunduki yenye milipuko na mwanga mwingi: risasi zako mwenyewe zinafunika za adui, unapigwa na kitu usichokiona.

Hatua ya 3: Tumia chumba

Pindua meza ujikinge nyuma yake. Lenga mapipa yanayolipuka adui akiwa karibu nayo. Angalia mashimo, ukitumbukia unapoteza nusu moyo (uhai wako huhesabiwa kwa mioyo), ila unaweza kubiringika juu yake. Usiwasogelee maadui hadi kuwagusa, mguso nao huumiza.

Hatua ya 4: Risasi baridi zitumie

Ukitumia risasi baridi (Blank), risasi zote za adui zinafutika. Kila ghorofa unayoingia unajaziwa zifike mbili. Maana yake ukishuka ukiwa na mbili hujaongezewa kitu, na zile ambazo ungejaziwa zimepotea bure. Akiba ya aina hii haina faida. Tumia moja kwa bosi, nyingine kwenye chumba kilichokuzidi. Ngao ikivunjika nayo hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana ngao moja ina thamani kuliko inavyoonekana.

Unatafuta chumba cha siri? Piga kuta kwa bunduki yoyote isiyo ile ya kuanzia. Ukuta wenye siri utaonyesha nyufa.

Hatua ya 5: Funguo, makasha, na ubahili wa gemu

Kwa kawaida kila ghorofa ina makasha mawili, na mara nyingi yamefungwa. Daraja linajulikana kwa rangi: kahawia ndiyo ya chini, kisha buluu, kijani, nyekundu, na nyeusi ya juu kabisa. Funguo ni chache. Zunguka ghorofa nzima uyaone makasha yote kwanza ndipo uamue. Dukani, kama una maganda ya risasi ya kutosha, ambayo ndiyo fedha ya humo, nunua ufunguo kabla ya kitu kingine. Na usifyatue risasi ndani ya duka, mwenye duka hukasirika na kupandisha bei.

Sasa lawama yangu kubwa. Unaweza kupigana ghorofa mbili nzima kwa umakini, ukafungua kasha la kahawia, ukatoa bunduki isiyoishinda sana ile ya kuanzia. Ustadi wako haukosi malipo kabisa, lakini malipo yanakuja kwa bahati, na bahati mbaya inaifanya safari iwe ndefu na ya kuchosha. Maadui wa ghorofa ya tatu wanameza risasi nyingi. Ukifika pale na silaha dhaifu, hufi haraka, unachoka tu. Gemu yenye uchezaji mzuri namna hii ilipaswa kuwa na mkono mkunjufu zaidi.

Lawama nyingine: ukiokota kitu, maandishi yanayotokea huwa ni utani, hayakuambii kinafanya nini. Hata kitabu cha ndani, Ammonomicon, kinazungukazunguka. Utalazimika kutafuta mtandaoni. Kiswahili hakimo kwenye lugha zake.

Masasisho yamesaidia. Lile la Julai 2018, Advanced Gungeons & Draguns, lilileta vitu vinavyoshirikiana, kwa hiyo bunduki hafifu ikikutana na kifaa chake inaweza kubadilika kabisa. Kama uliicheza 2016 ukaiacha, irudie kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Bosi

Bunduki nzuri zitunze kwa bosi, vyumba vya kawaida vimalize kwa ile ya kuanzia, haiishiwi risasi. Lakini usizitunze mpaka ukafa nazo. Ukimshinda bosi bila kuguswa hata mara moja unapewa zawadi inayokuongezea moyo mmoja kwa safari hiyo yote. Kwa hiyo bosi wa ghorofa ya kwanza, kwa mfano Bullet King au Gatling Gull, mfanyie mazoezi ya kutoguswa badala ya kummaliza haraka. Moyo huo utauhitaji kwa High Dragun, bosi wa ghorofa ya tano.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, laptop yangu ni ya zamani, haina kadi ya picha. Itaweza?*

Kuna uwezekano mkubwa itaweza. Picha zake ni za pikseli, hazidai mashine kubwa. Ukishaipakua haihitaji intaneti kuicheza, kwa hiyo bando halitaisha. Tafuta pedi ya gemu ukiweza, ingawa kulenga kwa mausi ni sahihi zaidi.

*Naweza kucheza na mdogo wangu aliye Mwanza, mimi nipo Dar?*

Hapana kaka. Inaruhusu wachezaji wawili tu, na ni kwenye skrini moja. Wa pili anatumia mhusika aitwaye Cultist. Mwenzako akifa, unaweza kumfufua kupitia kasha. Kukosa mchezo wa mtandaoni ni upungufu halisi.

*Mimi nimetoka kwenye gemu ya Hades. Huku nako ninaongezeka nguvu kila nikifa?*

Dada, hapo ndipo zinapotofautiana. Hades inakupa nguvu za kudumu, na kila kifo kinasogeza hadithi. Gungeon inakufungulia bunduki mpya, wahusika na lifti za mkato, lakini mioyo yako ya kuanzia ni ileile. Kinachoongezeka ni mikono yako. Wapo wasioupenda mtindo huo, na siwalaumu. Lifti za mkato nazo si nafuu sana, maana unashuka chini bila vitu ambavyo ungekusanya njiani.

*Ni kweli mabosi wana kikomo cha madhara? Nina bunduki kali lakini bosi hashuki haraka.*

Ni kweli. Kuna kiwango cha madhara kwa sekunde ambacho huwezi kukizidi. Lengo ni kila bosi apiganiwe kweli. Naelewa sababu, ila sikubaliani nayo: mtu aliyebahatika kupata silaha nadra ana haki ya kuifurahia.

*Jitu kubwa limetokea, linanifuata kila chumba, nalipiga halifi. Ni hitilafu?*

Si hitilafu. Huyo ni Lord of the Jammed, na hauawi. Anatokea alama zako za laana zikifika kumi. Laana huongezwa na wizi dukani na baadhi ya bunduki na vifaa. Kabla hajafika huwa kuna dalili: maadui wenye wekundu-weusi, wagumu zaidi, ambao pigo lao linachukua moyo mzima badala ya nusu. Ukianza kuwaona, acha kuokota vitu vya laana, na ukikuta madhabahu ya utakaso lipa maganda upunguze. Kama ameshatokea, maliza vyumba vinavyokupeleka kwa bosi tu, na katika kila chumba pigana ukizunguka ukingoni. Ukisimama katikati atakubana na risasi zitakukuta.