Kuwinda mamba Florida: kamba kwanza, kuua baadaye

Kila Mei, maombi ya vibali yanapofunguliwa, ndugu zangu tunaoishi nao hapa Florida huniuliza swali lilelile: bunduki gani inafaa? Hakuna. Kumpiga risasi mamba wa hapa, yaani aligeta, kabla hajanaswa kwa kamba ni marufuku, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Huzama na jeraha lake, akafia chini ya magugu, asimfae mtu yeyote.

Makaratasi kwanza. Kibali hutolewa kwa bahati nasibu na FWC, tume ya wanyamapori ya jimbo. Lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo 15 Agosti, siku msimu unapoanza. Ukiwa umeishi jimboni miezi 6 mfululizo, unahesabiwa mkazi. Kwa miaka mingi mkazi amelipa dola 271.50, na mgeni zaidi ya 1,000. Unapewa lebo 2 za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani mamba 2, basi. Kibali kinataja eneo na muda wako: ukipangiwa Ziwa Kissimmee, usionekane Ziwa Okeechobee. Anayekusaidia kumkamata naye akate leseni ya wakala.

Usiku, mulika tochi juu ya maji utaona macho mekundu. Kadiria inchi kutoka jicho hadi tundu la pua. Idadi hiyo ndiyo takriban urefu wake kwa futi. Mwenye urefu wa mwili mzima chini ya inchi 18 haruhusiwi. Mchome kwa chusa chenye kamba na boya, au mrushie ndoana tupu imnase ngozi. Ndoana yenye chambo hairuhusiwi. Mwache avute mpaka achoke. Kamba ikiwa mkononi mwako na yeye ubavuni mwa boti, hapo ndipo utumie fimbo ya risasi, ile inayolipuka ncha yake ikimgusa. Kisha mfunge mdomo kwa utepe imara, hata kama unaamini amekufa.

Lebo ifungwe papo hapo, si ukifika nchi kavu: ipite kwenye ngozi ya mkia, ndani ya inchi 6 kutoka nchani. Mamba hawa waliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1967, wakaondolewa 1987, lakini ngozi yao inafanana na ya mamba wengine walio adimu. Lebo ndiyo inayoonyesha kwamba ngozi ni halali.

Tuma ripoti ya mawindo ndani ya saa 24. Nyama kula na jamaa zako. Ya kuuza lazima ipitie kiwanda chenye leseni.