SOMO: Namna ya kuchangisha pesa za kozi ya dharura kwa manesi wa EMD (idara ya dharura) yenu (kaunta buku kwanza, bakuli baadaye)

Wakuu habari za kazi. Tangu tumalize kozi yetu inboksi imejaa swali lilelile, "sista mlipataje pesa", nikimjibu mmoja wanakuja watatu, sasa naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena nitamrushia linki ya uzi huu. Mimi ni nesi, niko EMD ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa, huu mwaka wa tisa. Tulichofanya ni hiki: manesi 22 wamesoma BEC, ile kozi ya siku tano ya huduma ya msingi ya dharura ya WHO na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa iliyotoka 2018, kwa pesa tulizochangisha wenyewe, sh 4,150,000, bila kumsubiri mfadhili.

Pesa ilikuja kwa sababu tulikuwa na namba zetu mkononi. Mwaka juzi tulikuwa tumezunguka na barua nzuri yenye mihuri yote na hatukupata hata laki mbili, kwa hiyo msiruke hatua za mwanzo mkakimbilia hatua ya 7.

Hatua ya 1. Mwambieni inchaji na metroni kabla hamjaanza chochote. Kwa maandishi.

Hatua ya 2. Chagueni swali moja. Sisi letu lilikuwa: mgonjwa anakaa dakika ngapi tangu anavuka mlango wa EMD mpaka anapimwa na kupewa rangi? Basi. Tunatumia triaji (kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali) ya rangi ya Afrika Kusini, nyekundu anaonwa hapohapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne, muda huo ni wa kuonwa baada ya triaji, ila sisi tuliuchukua kama kipimo cha kujilinganisha nacho hata mlangoni. Mkichukua maswali matano mtachoka wiki ya pili na daftari litabaki linawekewa vikombe vya chai.

Hatua ya 3. Kibali. Mganga mfawidhi aandike ruhusa, halafu kamati ya maadili ya utafiti, kama hospitali yenu iko chini ya chuo chenye kamati yake mtaanzia huko, kama haina ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Msiandike jina la mgonjwa popote, wekeni namba tu.

Hatua ya 4. SAA. Hapa naomba msome taratibu maana hapa ndo mimi mwenyewe niliharibu. Nilichora kaunta buku vizuri kabisa, safu ya saa ya kuingia, safu ya saa ya triaji, rangi, zamu, nikaligawa kwa watu, nikaenda zangu likizo nikijua kazi inaenda. Narudi baada ya wiki sita nakaa na daftari nianze kupiga hesabu, nakuta mgonjwa ameingia 20:40 amepimwa 2:52. Nikadhani kakaa masaa sita mlangoni! Kumbe getini anaandika kijana wa mapokezi kwa saa za kompyuta, na triaji anaandika sista kwa saa zetu za Kiswahili, saa mbili na dakika hamsini na mbili usiku, yaani mgonjwa alikaa dakika 12 tu. Hiyo nikarekebisha. Ila asubuhi je? Mtu kaandika 8:10, ni saa mbili na dakika kumi asubuhi au ni saa nane na dakika kumi mchana? Hakuna anayekumbuka. Na kuna ambao wamepimwa kabla hawajaingia, nikaenda kusimama pale na simu yangu, saa ya ukutani mapokezi ilikuwa mbele ya ile ya triaji kwa dakika saba. Katika wagonjwa 260 nilitupa 97. Wiki sita za watu wanaoandika usiku wamechoka, wengine walikuwa wananiamini, nikawaambia turudie. Iliniuma sana na wawili walijitoa.

Kwa hiyo: (a) waandishi wote watumie saa 24, na ibandikwe karatasi ukutani, 20:00 = saa mbili usiku, 14:00 = saa nane mchana, yote mpaka mwisho, msiseme "watu wanajua". (b) Saa zote za ukutani zilinganishwe na simu moja kila Jumatatu na aliyelinganisha asaini. (c) Piga hesabu ya wagonjwa 20 wa kwanza siku ya tatu, msisubiri mwisho. (d) Usiende likizo wiki ya kwanza.

Hatua ya 5. Hesabuni usiku na wikiendi pia. Mchana wa Jumanne kila EMD ni nzuri.

Hatua ya 6. Namba zote ziingie kwenye karatasi MOJA. Yetu ilikuwa na sentensi tatu na mchoro wa nguzo mbili, mchana na usiku. Wagonjwa wa rangi ya chungwa waliongoja zaidi ya dakika 10 usiku walikuwa karibu mara mbili ya wa mchana, na zamu ya usiku ndo yenye manesi wasiopata mafunzo ya triaji. Mtu yeyote akiiona karatasi ile anauliza mwenyewe, "sasa mnahitaji nini?" Hapo ndo unataja bei.

Hatua ya 7. Pesa. Tufanye kama kamati ya harusi maana hilo Watanzania tunaliweza: mwenyekiti, mweka hazina, katibu, kadi za ahadi, grupu la WhatsApp, na kila Ijumaa orodha ya aliyeahidi na aliyetoa. Laini ya simu iwe mpya, ya kazi hiyo tu, isiwe ya mweka hazina anayonunulia unga. Kila ukitoa pesa skrinishoti inaingia kwenye grupu siku hiyohiyo. Kama mnatoka nje ya hospitali kuomba umma, pitieni kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya muulize utaratibu. Na hili naliandika kwa herufi kubwa: USIMWOMBE MGONJWA WALA NDUGU WA MGONJWA HATA SHILINGI MIA. Ndugu aliyesimama pembeni ya machela hana uwezo wa kukukatalia, hata ukimpa risiti.

Waliotuchangia zaidi ni kijiwe cha bodaboda cha getini. Tuliwapelekea ile karatasi jioni, mwenyekiti wao akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, akasema "hawa wa usiku ni sisi". Walichanga buku mbilimbili kwa wiki nne.

Hatua ya 8. Kozi. Kitabu cha mshiriki kinapakuliwa bure tovuti ya WHO. Wakufunzi ulizeni EMAT, chama cha tiba ya dharura, au hospitali kubwa yenye EMD karibu nanyi. Gawanyeni watu makundi mawili ili wodi isibaki tupu.

Hatua ya 9. Hesabuni tena baada ya miezi mitatu, kwa daftari lilelile, na mrudi kwa waliochanga mkiwa na majibu hata kama ni mabaya.

Maswali karibuni.

---

Kibo_Boy: Ndefu sana mkuu. Posho ni sh ngapi kwa siku na naweza kujiunga?

Mwandishi: Hakuna posho. Chai, chakula cha mchana na nauli ya mkufunzi. Hatukuchangisha kwa bodaboda ili tugawane.

Mama Careen: Sista hongera sana. Swali, tukiwa tunasubiri kibali tunaweza kuanza kukusanya data taratibu ili tusipoteze muda?

Mwandishi: Asante mama, hapana. Kamati ikikuta data imekusanywa kabla ya kibali chake haitakuruhusu kuitumia kama utafiti. Kujikagua ndani ya idara kwa ajili ya kuboresha huduma, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, ni jambo lingine, ila ukitaka kuichapisha au kuipeleka kwenye kongamano lazima kibali kitangulie. Huo muda wa kusubiri utumie kulinganisha saa na kufundisha watu kuandika saa 24.

Mzee wa Data: Hivi kwanini manesi mchange wakati kodi tunalipa? Mnaibeba serikali mgongoni.

Mwandishi: Mzee, majengo serikali imejenga, ule mkopo wa IMF wa 2021, trilioni 1.3, sehemu yake ilijenga EMD na ICU mikoani na mimi nafanya kazi ndani ya jengo zuri lenye monita. Kabla ya Muhimbili kufungua EMD yake 2010 hospitali nyingi mgonjwa mahututi alikuwa anapokelewa OPD (wagonjwa wa nje) pamoja na mwenye mafua. Tumetoka mbali. Ila monita inalia, anayetakiwa kujua kwanini inalia ni mtu, na mtu huyo yuko zamu usiku huu, siwezi kumwambia mgonjwa asubiri bajeti ya mwakani. Kudai tunadai pia, barua iko ofisini na namba zetu zimeambatanishwa.

Mzee wa Data: Hapo nimekuelewa. Naomba namba ya kuchangia.

Mwandishi: Siweki hapa maana uzi unasomwa na kila mtu. Nenda EMD iliyo karibu na wewe waulize wanahitaji nini.

Jully_student: Shikamoo sista. Niko diploma mwaka wa tatu, natamani emajensi ila watu wananiambia haina tofauti na wodi nyingine, ni dripu na sindano tu. Hiyo kozi inabadilisha nini hasa? Na mimi nisiye na kazi naweza kufanya utafiti?

Mwandishi: Marahaba Jully, swali zuri sana hili. Nikupe mfano. Zamani akiletwa kijana wa ajali hajitambui, wote tunakimbilia mkono kutafuta mshipa, mmoja anakata suruali, mwingine anatafuta faili, na kijana anakoroma. Tunasema "bado anapumua". Mtu aliyepoteza fahamu akikoroma ujue ulimi umeangukia nyuma na hewa inapita kwa shida. Baada ya kozi, wiki ya pili tu, aliletwa mwingine vilevile saa 01:20. Sista mmoja mdogo, hana hata mwaka kazini, akaenda moja kwa moja kichwani, akamwambia mwenzie ashike shingo isitikisike, akaweka vidole nyuma ya kona za taya akalisukuma mbele bila kukunja shingo kwa sababu ni ajali, kukoroma kukakoma. Kukawa kimya na kifua kinapanda. Ndo akasema "A tayari, twende B". Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ubongo, kumfunua umwangalie mwili mzima, kwa mpangilio huo kila mara hata ukiwa umechoka. Dripu ilikuja ya tatu.

Utafiti unaweza. Ukiwa field omba inchaji akuoneshe kitu kimoja kinachomkera kila siku, ambu begi (ya kumpulizia mgonjwa hewa) inayotafutwa, oksijeni inayoisha usiku, kisha mtafute mwalimu wako akusimamie kibali kipitie chuoni. Swali lizaliwe na kero. Ukikwama niandikie, wewe nitakujibu hata usiku.

Pwani_Nurse: Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ukimaliza kamati ya maadili bado unaenda NACOSTI kuchukua leseni ya utafiti, wasisahau walioko Kenya. Harambee tunazo pia lakini hiyo ya kupeleka karatasi stendi ya boda ni mpya kwangu, nimeipenda.

Mwandishi: Asante dada, nilikuwa sijaigusa Kenya kabisa.

Engineer Mpole: Kwani hakuna mashirika ya manesi Marekani yanayotoa hizo hela? Waombeni.

Mwandishi: Yapo. Chama chao cha manesi wa dharura, ENA, kilianzishwa 1970 na manesi wawili, Anita Dorr na Judith Kelleher, na tangu 1991 kina mfuko wake unaochangiwa na wanachama pia, unasomesha manesi na kulipia tafiti zao. Huo ni mfuko wa watu wao. Nimeutaja ili uone kuwa na wao wanachangishana. Huyo Dorr ni mmoja wa wanaotajwa kubuni kile kitoroli cha dawa za dharura tunachosukuma leo, mfano wake wa kwanza ulikuwa wa mbao. Nesi aliona wanapoteza muda kukusanya vitu huku na kule akatafuta dawa yake. Sisi tunashindwa nini kuwa na mfuko wetu, nesi wa EMD buku tano kwa mwezi?

Kibo_Boy: Sasa cheti kinasaidia leseni?

Mwandishi: Mratibu aulize TNMC (baraza la uuguzi na ukunga) kuhusu pointi za kuhuisha leseni KABLA ya kozi, sio baada. Umesoma hatua hata moja?

Kibo_Boy: Nimesoma sasa hivi yote. Samahani sista. Hata kwetu mapokezi wanaandika saa za Kiswahili.

Mwandishi: Basi wewe umeshapata kazi ya kesho. Bandika karatasi ya saa 24, na anza na zamu ya usiku.

Sr_Bahati: Nyongeza ndogo, kalamu ya daftari ifungeni kwa bandeji kwenye meza. Sisi data ya siku mbili ilipotea kwa sababu ya kalamu tu.

Mwandishi: Kweli kabisa, na betri za saa ya ukutani nunueni mbili mbili, moja ikae droo ya inchaji. Ya kwetu ilisimama Jumamosi usiku.