Kabla ya kidonge, kisu na ndege: ukirithi Fakta V Leiden

Majibu ya maabara yakionyesha una Fakta V Leiden, kasoro ya jeni ya kurithi inayofanya damu igande kupita kiasi, usianze kuandika wosia. Wengi walioirithi kwa mzazi mmoja huzeeka bila kupata bonge la damu hata mara moja. Ila zipo nyakati ambazo hatari hupanda, na nyingi huziona zinakuja. Hizo ndizo za kujiandalia.

Jina limetoka mji wa Leiden, Uholanzi, ambako kasoro hii ya jeni ilitambuliwa mwaka 1994. Fakta ya tano (V ni tano ya Kirumi) ni protini inayosaidia damu kuganda unapojikata. Kazi ikiisha, protini nyingine, iitwayo protini C, huikatakata kama mkasi. Kwa aliyerithi kasoro hii, mahali pa kukatia pamebadilika, mkasi unateleza, na damu inaendelea kuganda kupita kiasi. Kwa kawaida, karibu mtu mzima 1 kati ya 1,000 hupata bonge la damu kwenye mshipa kila mwaka. Ukirithi kwa mzazi mmoja, uwezekano huo huongezeka mara 3 hadi 8. Ukirithi kwa wote wawili, zaidi sana.

Kabla ya kukimbilia kipimo, waulize wazee wa ukoo. Nani alivimba mguu mmoja? Nani "alianguka tu akafa" siku chache baada ya kujifungua au kupasuliwa, na alikuwa na umri gani? Kwa maoni yangu maswali haya yana thamani kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu ukoo wenye historia ya mabonge unahitaji tahadhari hata jeni hii isipoonekana. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu 1 kati ya 20 anayo. Kwa Waafrika ni nadra sana. Kwa hiyo mtoto wa mama Mchaga na baba Mholanzi akiugua Moshi, daktari anaweza asiiwazie kabisa. Nakala ya majibu ikae kwenye simu na kwenye faili.

Wanawake wasimame hapa kidogo. Vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, vikikutana na jeni hii, huzidisha hatari kuliko kila kimoja peke yake. Usisubiri muuguzi akuulize. Mwambie mwenyewe kabla hajakuandikia. Vidonge visivyo na estrojeni, vijiti na kitanzi kwa kawaida ndivyo hupendekezwa. Sindano ya miezi mitatu ijadiliwe na daktari kwanza. Ukipanga mimba, nenda kliniki mapema, maana hatari hupanda tangu ujauzito na huwa kubwa zaidi wiki 6 za baada ya kujifungua. Baadhi huchomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kipindi hicho, wengine hawahitaji. Anayeamua ni daktari mwenye historia yako mbele yake.

Kabla ya upasuaji, au mguu kufungwa plasta ngumu, sema. Usimwachie mtu wa mapokezi ujumbe huo. Mwambie daktari mpasuaji na yule wa usingizi.

Safari ya ndege ya kutoka Amsterdam hadi Dar es Salaam huzidi saa 8. Kunywa maji, simama kila baada ya muda, chezesha vifundo vya miguu. Aspirini ya kujinunulia dukani si mbadala wa ushauri.

Watu wa nyumbani nao wafundishwe dalili: mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Usichuliwe wala kukandwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa au ukikohoa damu, hiyo ni dharura. Ukiwa Uholanzi piga 112. Ukiwa kwingine chukua usafiri wa kwanza unaopatikana, na anayekusindikiza awe na nakala ya yale majibu.